Ua la China, Mkasi wa Tunduma

Jora la kitenge linapofunguliwa mezani dukani Tunduma, hatua chache kutoka mstari unaoitenga Tanzania na Zambia, huwa limekwisha kupita katika mikono mingi kuliko linavyoonyesha. Ufundi wa kuzuia rangi kwa nta ulikomaa Java. Mashine za kuuiga ufundi huo zilikamilishwa Uholanzi. Kiwanda kilichochapa kitambaa chenyewe, siku hizi, mara nyingi kiko China. Ng'ambo ya pili, Nakonde, kitambaa hicho hicho kinaitwa chitenge, na mnunuzi anaweza kukifunga kiunoni, kubebea mtoto, au kumpelekea fundi cherehani akishone gauni la harusi. Ndipo huulizwa swali lililorudiwa sana: nguo hii ni ya nani? Wenye haraka hujibu kwa kutaja kiwanda, kisha huongeza kwamba Mwafrika anayejivunia kitenge anajivunia mali ya wengine. Mimi naona jibu hilo limeanzia mahali pasipofaa. Kitu kinachosafiri huwa na watengenezaji zaidi ya mmoja, na anayekigeuza kikubaliane na jicho lake ni mtengenezaji pia, hata kama hajawahi kukiona kiwanda. Tunduma, mji uliokua kwa kupokea na kupitisha bidhaa, ni mahali panapofaa kuipimia hoja hiyo, ingawa ushahidi wake wa kwanza uko mbali sana na Songwe, mkoa wake.

Ushahidi huo uko kwenye chombo ambacho hakuna anayebishia asili yake: kauri ya China. Kabla ya 1710, kilipoanzishwa kiwanda cha Meissen huko Saksonia, hapakuwa na kiwanda Ulaya kilichofinyanga kauri ngumu ya namna ile, na matajiri wa huko waliinunua kwa meli nzima nzima. Lakini kununua kitu si kuridhika nacho. Mwanzoni mwa karne ya 18 wachoraji wa Uholanzi walichukua mabakuli na sahani zilizotoka China, nyingine nyeupe tupu, nyingine zikiwa na michoro michache ya buluu, wakazichora upya kwa nyekundu, kijani na dhahabu. Ignaz Preissler, aliyefanya kazi Breslau na Bohemia, alizichora kwa rangi nyeusi kwa mistari myembamba kama ya mchonga chapa. London, katika miaka ya 1760, karakana ya James Giles ilikuwa na sifa kwa kazi ya aina hiyo. Ufundi wenyewe si mgumu kuuelewa. Chombo kilikwisha kuchomwa na kupata tabaka lake la kioo. Mchoraji alipaka juu yake rangi zilizosagwa pamoja na kioo, akakirudisha katika tanuri dogo lenye moto wa chini kuliko ule wa kwanza, rangi zikashika bila chombo kuharibika. Mara nyingine alipita juu ya maua ya mchoraji wa kwanza au kuyazungushia mapya mpaka nafasi ikajaa.

Jambo la kutafakari zaidi ni kile alichokichora. Mara nyingi aliichora China: wazee wenye miavuli, madaraja yaliyopinda, ndege wenye mikia mirefu, wanawake wanaokunywa chai chini ya miti isiyoota popote. Huo ndio mtindo ulioitwa kwa Kifaransa chinoiserie, China iliyobuniwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kufika huko. Kwa hiyo chombo kilichofinyangwa China kilivikwa China nyingine, kwa sababu ile ya kwanza haikufanana na China iliyokuwa vichwani mwa wanunuzi. Wakusanyaji wa vyombo waliona kazi hizo kwa muda mrefu kuwa ni uharibifu. Ninaielewa hasira yao, maana mchoro wa kwanza ukifunikwa haurudi. Hata hivyo, makumbusho ya leo yanayoandika chini ya bakuli moja kwamba limefinyangwa China na kuchorwa Uholanzi yanasema ukweli ambao jina la nchi moja lingeuficha.

Pwani yetu ilipokea kauri hiyo hiyo karne kadhaa kabla ya Preissler, nayo haikuiacha kama ilivyokuja. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Kaole karibu na Bagamoyo, wajenzi wa makaburi ya nguzo walipachika mabakuli na sahani za ng'ambo ndani ya chokaa, uso ukitazama nje. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wenye kuba, vyombo vyenye mng'aro vilikazwa darini, juu ya vichwa vya wanaosali. Aliyelifinyanga bakuli alikusudia litiwe chakula. Mjenzi wa pwani alilisimamisha wima, akalifungia ukutani lisiweze tena kubeba hata tone la maji, akalipa kazi ya kumtukuza marehemu au kuing'arisha nyumba ya ibada. Hakutumia brashi, lakini aliyatenda yale yale aliyoyatenda mchoraji wa Uholanzi: alichukua kitu kilichokamilika na kukihesabu kuwa bado hakijakamilika. Mwishoni mwa karne ya 19 mkondo ukageuka, viwanda vya Maastricht vikaanza kuleta katika soko la Zanzibar na pwani mabakuli yenye maua ya rangi nzito, yaliyochaguliwa kwa kufuata kile wanunuzi wa huku walichokubali kukilipia.

Bara, katika nyanda zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ambako leo ni Mbozi, Momba na Ileje, bidhaa za misafara zilizotawala zilikuwa shanga na nguo. Kauri ilikuwa nzito na yenye kuvunjika, na mpagazi alilipwa kubeba kitu kitakachofika kizima. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ujiji katika miaka ya 1850, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara zilifika kama 400, na kwamba kila nchi ilikuwa na zake. Mfanyabiashara aliyefika na shanga zilizopitwa na wakati alikuwa amebeba mzigo wa mchanga, kwa maana hakuna aliyekuwa tayari kumuuzia hata unga. Shanga zilizotengenezwa Venice zililazimika kutungwa upya katika nyuzi za urefu uliokubalika, khete kumi zikafanya fundo moja, ndipo zikawa fedha. Nguo nayo ilifanyiwa kazi kabla ya kuondoka pwani. Merikani, kitambaa cheupe kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kilitiwa nili kikawa kaniki, na Zanzibar kilipigwa chapa za mapambo kwa vibao vya mti. Hapo pwani ya Afrika ilisimama mahali hasa alipokuwa amesimama mchoraji wa kauri: kitambaa cha mgeni kilikuwa uwanja, na mapambo yakawa ya mwenyeji.

Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha 2008 kuhusu walaji wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba nguvu hiyo ya kuchagua ilifika hadi viwandani Marekani na Bombay. Walioshindwa kuufuata uchaguzi wa Zanzibar na wa misafara waliipoteza biashara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi wa merikani, viwanda vya India viliingia kwa kuiga kitambaa ambacho watu wa huku walikuwa wamekwisha kukizoea. Hili ni muhimu katika hoja yangu, kwa sababu pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba kuchagua si kutengeneza: anayenyoosha kidole dukani hajashika brashi. Pingamizi hilo lina uzito kama kidole kinamlenga muuzaji aliye mbele tu. Linapungua uzito kidole hicho kinapobadilisha kipimo cha nguo, uzito wa uzi na rangi ya shanga upande wa pili wa bahari. Khanga inaonyesha hivyo kwa uwazi zaidi. Viwanda vya Uholanzi viliichapa mwishoni mwa karne ya 19 na vya Japani vikaichapa baadaye, lakini michoro na misemo ilikusanywa huku na kupelekwa huko. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla inajulikana mpaka leo, lilikuwa na kazi kubwa zaidi ya kupokea marobota. Lilisikiliza wanawake wanasema nini mwaka huo, likaagiza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka Songwe yenyewe. Kabla merikani haijafika kwa wingi, nguo za pamba zilifumwa katika bonde la Rukwa, Ufipa na Unyiha. Wanyiha walifua pia chuma na kutengeneza majembe yaliyouzwa kwa jirani. Mfumaji alijua kitambaa chake tangu pamba ikiwa shambani hadi kinapofungwa begani, na kazi ya shuka moja ilimchukua siku nyingi. Nguo ya kiwandani ilipopanda kutoka pwani, na baadaye kutoka kusini kwa njia ya maziwa, mfumaji huyo hakuwa na njia ya kushindana nayo kwa bei. Vitanda vya kufumia vikanyamaza. Anayesema kwamba mnunuzi wa bara alikuwa mtengenezaji lazima aseme pia kwamba mnunuzi huyo huyo aliiacha nguo ya jirani yake. Silikwepi hilo. Kauri ya China haikumwua mfinyanzi wa Saksonia. Ilichochea utafutaji wa siri yake mpaka kikafunguliwa kiwanda kule Meissen, kikilindwa na mtawala aliyetaka kifaulu. Mfumaji wa Unyiha hakuwa na mlinzi wa namna hiyo. Kabla hajapata muda wa kujibu, nchi yake ilikwisha kugawanywa na watu waliokaa Berlin na London.

Mgawanyo huo ndio ulioizaa Tunduma tunayoijua. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 ulichora mpaka kati ya maziwa mawili, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo ikaupima ardhini. Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Mpaka ulifuata kwa jumla barabara ya Stevenson, iliyoanza kujengwa mwaka 1881 kutoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika kwa ajili ya Kampuni ya Maziwa ya Afrika ya Waskoti. Kituo cha Fife hakikuwa mbali na ilipo Nakonde ya leo. Kwa hiyo pale pale njia ya bidhaa ilipopita, ukapita pia mstari wa ushuru. Ndugu waliokuwa wakipelekeana nguo wakaanza kuitwa waingizaji na watoaji bidhaa. Tangu hapo nguo ya Tunduma imekuwa na bei mbili na sheria mbili ndani ya mwendo wa dakika chache, na mtu hawezi kuielewa historia ya mavazi ya mji huu bila kuweka hilo akilini.

Kitenge kiliingia katika hali hiyo kikiwa na historia yake ndefu ya kuvikwa upya. Katikati ya karne ya 19 Waholanzi walitaka kuwauzia watu wa Java batiki ya mashine kwa bei nafuu kuliko ya mkono. Huko Haarlem kiwanda cha Prévinaire kilipata namna ya kuchapa ulimbo pande zote mbili za kitambaa ili uzuie nili, kazi ambayo nta ilifanya kwa mkono wa mwanamke wa Java. Ulimbo ulipasuka, rangi ikapenya katika nyufa, mishipa midogo ikatokea kwenye nguo. Java, ambako batiki safi ilithaminiwa, mishipa hiyo ilionekana kuwa dosari. Pwani ya Afrika Magharibi, ambako mfanyabiashara Mskoti Ebenezer Brown Fleming aliipeleka nguo hiyo katika miaka ya 1890, mishipa hiyo hiyo ilionekana kuwa uzuri, kwa sababu iliwezesha kila yadi iwe tofauti na mwenzake. Kampuni iliyoanzishwa na van Vlissingen mjini Helmond mwaka 1846, ambayo sasa inaitwa Vlisco, imeishi kwa uamuzi huo hadi leo. Kosa la mashine liligeuzwa pambo na macho ya watu ambao kiwanda hakikuwa kimewafikiria. Kutoka magharibi mtindo ulienea hadi Kongo, na kwa njia za Kongo, Zambia na bandari za mashariki ukafika kwetu. Viwanda vya China vilipokuja kuuiga, viliendelea kuichapa ile mishipa kwa makusudi, ingawa mashine zao hazina tena ulimbo wa kupasuka. Wanaiga kosa kwa sababu mnunuzi wa Lusaka, Lubumbashi na Tunduma amelifanya kuwa alama ya ubora.

China yenyewe ilikwisha kufika Songwe kabla ya vitenge hivyo, nayo ilifika kwa reli. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa 1976. Utandikaji wa reli ulifika mpakani Tunduma mwaka 1973. Watu wengi hukumbuka mahandaki na madaraja, lakini kuna sehemu ya mkataba iliyogusa kabati za nyumba. Gharama za ndani za ujenzi, yaani mishahara na mahitaji ya hapa nchini, zililipwa kwa mkopo wa bidhaa: China ilileta bidhaa zake, serikali za Tanzania na Zambia zikaziuza katika maduka yao, na fedha zilizopatikana zikaijenga reli. Wananchi waliigharimia njia ya reli kwa kununua vitambaa na vyombo vya nyumbani. Katika miaka hiyo na iliyofuata, vyombo vya Kichina vya bati lenye enameli na chupa za chai zenye maua makubwa mekundu ya peoni vilizoeleka nchini kote. Kwa Mchina peoni ni ua la utajiri na heshima, na limechorwa juu ya kauri kwa karne nyingi. Kwenye meza ya sebule ya Vwawa au Itumba halikuhitaji maana hiyo. Chupa yenye ua ilitolewa kabatini mgeni alipofika, chai ikamiminwa, na ua likawa tamko la kwamba mgeni amepokelewa. Maana iliyochorwa China ikabadilishwa bila mtu yeyote kugusa rangi.

Reli na mkopo wake vilikuja pamoja na viwanda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Zambia nayo ikapata Mulungushi, Kabwe, kwa msaada huo huo. Kwa miaka kadhaa pamba yetu ilichapwa khanga na vitenge vyetu, na wachoraji walioajiriwa viwandani humo walikuwa Watanzania na Wazambia. Hapa ndipo pingamizi la tatu linapoiuma hoja yangu. Viwanda hivyo vilidhoofika vibaya baadaye, na bidhaa za China zikarudi, safari hii bila reli ya kujengwa. Kama mnunuzi ana nguvu kubwa namna ile, mbona nguvu hiyo haikuviokoa? Nakiri kwamba kuunda maana ya nguo na kupata faida yake ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa na la kwanza maisha yake yote bila kulionja la pili. Wanawake walioamua kwamba mishipa ya ulimbo ni mizuri hawakulipwa kwa uamuzi huo. Aliyelipwa ni Helmond, na sasa ni miji ya viwanda ya China. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliviweka vitenge na khanga katika orodha ya bidhaa nyeti na kuvitoza ushuru wa asilimia 50 ili kuvilinda viwanda vya ndani. Zambia haimo katika jumuiya hiyo. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mkazi wa mpakani: nguo iliyopita Tunduma kwa lori kwenda Zambia hurudi usiku kwa pikipiki au kichwani mwa mama mwenye watoto wa kusomesha. Kituo cha huduma za pamoja kilichofunguliwa hapo mwaka 2019 kilipunguza foleni ya malori, lakini hakikuweza kuondoa tofauti ya bei ambayo mpaka wenyewe unaizalisha. Ninapodai kwamba kitenge ni chetu, basi, nadai pia kwamba ni haki yetu kukichapa. Hoja ya kwanza isiyofuatwa na ya pili inamfaa mwenye kiwanda cha mbali, anayefurahi tukijivunia nguo yake na kuendelea kuilipia.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wale wanaotumia hasara hiyo kufuta kazi inayofanyika kwenye cherehani za Tunduma. Mchoro wa kitenge hubuniwa kwa ajili ya kitambaa kilichonyooka, na mwili wa mtu haukunyooka. Fundi anayepewa yadi sita zenye duara kubwa zinazorudiwa lazima aamue duara litue kifuani au mgongoni, mikono ifanane au ipishane, na mshono wa ubavuni uunganishe nusu mbili za ua bila kulipotosha. Akikosea, duara hukaa pale lisipostahili na gauni hurudishwa. Akipatia, pambo linakuwa na kitovu ambacho mchoraji wa kiwandani hakulipatia, kama Preissler alivyoipa sahani tupu mji mzima wa mistari myeusi. Mabaki hayatupwi, yanakuwa kilemba, mkanda, mfuko, au pindo la shati la kitambaa cha rangi moja. Ukingo wenye jina la kiwanda, ambao huweza kusomeka kwa Kifaransa kwamba ni wax ya Uholanzi hata kama nguo imechapwa China, mara nyingi ndio unaotangulia kukatwa, maana hauingii kwenye mshono.